Bei tatu kwa nyumba moja: uchambuzi wa makadirio ya kazi ya umeme

"Huyu wa tatu ananiibia, au vipi?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, huku akinikabidhi karatasi tatu alizopewa na mafundi umeme watatu. Wote walikuja nyumba ileile, wiki ileile, kwa kazi ambayo yeye aliiona ni moja: kubadilisha nyaya zote za nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na bafu. Bei ya tatu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Ili kisa kimfae msomaji popote alipo, sitataja sarafu. Bei ya chini kabisa nimeipa thamani ya 100, na nyingine zote nimezipima kwa hiyo. Basi fundi wa kwanza alitaka 100, wa pili 150, wa tatu 220. Mwalimu alikuwa na 130 mkononi.

Kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi, na swali la mwalimu nimeshalisikia mara nyingi. Karibu kila mara jibu ni kwamba hakuna anayeiba. Hizo si bei tatu za kazi moja. Ni kazi tatu, kila moja na bei yake, na aliyezifanya ziwe tatu ni mwenye nyumba mwenyewe kwa kuwaambia mafundi, "Nataka kubadilisha waya," akanyamaza hapo.

Yaliyoandikwa na yasiyoandikwa

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: "Kubadilisha nyaya nyumba nzima, pointi 28, vifaa na ufundi." Ya pili ilikuwa na ukurasa mzima wa vifaa na chini yake pesa ya ufundi iliyotengwa kando, pointi 31. Ya tatu ilikuwa na kurasa mbili na pointi 43.

Mwalimu aligawanya kila bei kwa idadi ya pointi, kama watu wengi wanavyofanya, akashangaa kuona kwamba kwa hesabu hiyo fundi wa pili na wa tatu hawakupishana sana. Nikamwomba tuhesabu nyumba yenyewe kwa kidole. Taa 12. Soketi 14. Hita ya maji moja na jiko la umeme moja alilokuwa akilitamani. Jumla 28. Basi 43 zimetoka wapi? Fundi wa tatu alihesabu kila swichi kama pointi, na swichi zilikuwa 15. Na zile 31? Fundi wa pili alipokuwa anaaga mlangoni, mwalimu alimwambia, "Fundi, na taa tatu za uani pia." Wale wengine hakuwaambia.

Neno "pointi" halina kipimo kimoja. Kwa fundi mmoja taa na swichi yake ni pointi moja, kwa mwingine ni mbili. Kwa fundi mmoja pointi ya hita ni waya unaotoka kwenye bodi moja kwa moja hadi kwenye hita, kwa mwingine ni soketi tu inayochukua moto kwenye waya wa jirani. Tulipompigia fundi wa kwanza, alikiri bila kusitasita: "Mama, hita nitaiunga kwenye soketi za jikoni. Jiko hivyohivyo. Ulitaka laini zake peke yake? Hukusema." Alisema kweli. Mwalimu hakusema.

Tuliendelea kumuuliza. Bodi ya breka? Ileile ya zamani. Nondo ya erthi, ile ya kufukiwa ardhini ipokee umeme unaovuja? "Ile iliyopo itatosha," ingawa hakuwa ameiona. Kuta? Angevuta nyaya mpya ndani ya paipu za zamani, hivyo hakukuwa na kuchonga wala kupiga plasta. Na paipu zikiwa zimeziba? "Hapo tutaongea." Kwa uzoefu wangu, hayo maneno mawili ndiyo kifungu ghali kuliko vyote katika makadirio yoyote, na hayaandikwi kamwe.

Breka haikuwa mbovu

Kabla ya kuzilinganisha bei ilibidi tujue nyumba inahitaji nini, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo bajeti ya umeme inapoamuliwa.

Lalamiko lililoanzisha yote lilikuwa dogo: breka ya jikoni ilikata karibu kila asubuhi, na soketi moja ilikuwa imeungua mdomo hadi plastiki ikawa ya kahawia. Jirani alikwisha kumshauri mwalimu dawa rahisi, aweke breka kubwa zaidi. Ni dawa rahisi kweli, na ndiyo inayochoma nyumba. Breka huwekwa kuulinda waya uliomo ukutani usipitishe umeme kuliko unavyoweza kuhimili. Ukiikuza breka bila kuukuza waya, kitakachopata moto kwanza ni waya, ndani ya ukuta au juu ya dari ambako hakuna anayeuona.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi: wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Kwa umeme wa volti 230, hita ya kilowati 3 inavuta ampea 13. Birika la kilowati 2.2 linavuta kama 9.6. Pasi ya kilowati 1.2 inavuta 5.2. Vyote vitatu vilikuwa kwenye laini moja yenye breka ya ampea 20, na asubuhi vilikuwa vinawaka kwa pamoja, karibu ampea 28. Breka ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Kilichokosekana ni laini ya pili.

Jiko la umeme lilikuwa na uzito mwingine kabisa. Jiko la kilowati 7 peke yake ni ampea 30. Laini yake haiwezi kuwa waya wa mbili na nusu (milimita za mraba) unaotumika kwenye soketi, sembuse wa moja na nusu wa taa. Inahitaji waya mnene, kwa kawaida wa milimita za mraba 6, na kadiri waya unavyonenepa ndivyo shaba inavyoongezeka na bei inavyopanda. Halafu kuna jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi hata moja kati ya zile tatu. Ukijumlisha jiko, hita, birika, pasi, pampu ya maji, friji na taa, nyumba inaweza kufika kilowati 14.4, karibu ampea 63. Ni kweli vitu vyote haviwaki kwa pamoja kila wakati, na wataalamu hupunguza hesabu kwa sababu hiyo. Lakini kampuni inayouza umeme huweka kikomo cha unachoruhusiwa kuvuta, na ukitaka kukipandisha, ada yake unailipa huko, si kwa fundi. Mtu anayepanga bajeti ya jiko la umeme kwa kutazama bei ya jiko na bei ya fundi bado hajagusa gharama ya tatu.

Taa hazikuwa na neno. Balbu 12 za zamani za wati 60 zilikuwa wati 720. Kwa LED za wati 9 zinakuwa 108. Ukiona fundi anakuelezea ukubwa wa gharama kwa kutaja idadi ya taa, muulize habari za vitu vinavyotoa joto.

Kuziweka kwenye mzani mmoja

Tuliandika orodha mpya kwa mkono, tukaipeleka kwa wote watatu: bodi mpya yenye breka za kutosha pamoja na breka ya uvujaji, yaani ile inayokata umeme wote unapovuja kwenda ardhini, ya miliampea 30, nondo mpya ya erthi, laini ya hita peke yake na ya jiko peke yake, kuchonga kuta panapohitajika na kupiga plasta baadaye, vipimo vya mwisho. Taa za uani tuliziondoa. Tukamwomba kila fundi aseme lipi limo katika bei yake na lipi ataliongeza, kwa kiasi gani.

Kwa fundi wa kwanza, bodi na kinga ziliongeza 22, erthi 8, laini mbili nzito 20, kuchonga na plasta 30, vipimo 6. Ile 100 ikawa 186.

Wa pili alikwisha kuweka bodi, erthi na laini ya jiko. Tulimtolea 8 za taa za uani, tukamwongezea 30 za kuchonga na plasta, 10 za laini ya hita na 6 za vipimo. Akawa 188.

Wa tatu alikuwa na vyote. Akabaki 220.

Pengo la 120 kati ya wa chini na wa juu likawa 34, na kati ya wa kwanza na wa pili likabaki 2 tu. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Jirani wake (yuleyule wa breka kubwa) alikuwa akimwambia cha rahisi ghali, amchukue wa tatu afunge mjadala. Kwa msemo huo angelipa 220 bila kujua analipia nini. Kwa dhana yake mwenyewe ya wizi angempa kazi wa kwanza, kisha angeongezewa kidogokidogo, kila mara kuta zikiwa wazi na yeye akiwa hana la kufanya.

Na ile tofauti ya 32 ya fundi wa tatu? Tulimuuliza kwa adabu naye akajibu vizuri. Alikuwa ameweka swichi na soketi za daraja la juu, angenunua vifaa vyote yeye mwenyewe na kubeba hasara vikiharibika au bei ikipanda, na angerudi bila malipo kwa miaka miwili kukitokea kasoro. Ni bei halali ya utulivu wa moyo. Mtu asiye na muda, au anayeishi mbali na nyumba anayoijenga, ningemshauri ailipe. Mwalimu alikuwa na muda kuliko fedha.

Alimchagua wa pili. Sababu aliyonipa haikuwa bei: "Huyu ndiye aliyepanda darini kabla ya kuniambia bei." Sina la kuongeza hapo.

Kupunguza bila kupunguza usalama

Tulikuwa na 188, mkononi kuna 130. Kishawishi cha kwanza cha kila mtu katika hali hii ni kukata vitu visivyoonekana: erthi, breka ya uvujaji, vipimo. Ndivyo vya bei ndogo na ndivyo vinavyookoa maisha. Tulivitia mstari mwekundu, tukatafuta kwingine.

Plasta ilikuwa 30 kwa sababu fundi umeme angemtafuta mwashi na kuongeza chake juu. Mwalimu alikuwa na mpango wa kupaka rangi nyumba nzima mwaka huohuo, kwa hiyo alimpa mwashi wake kazi hiyo moja kwa moja, ikawa 18. Zikapungua 12. Jiko la umeme aliliahirisha. Laini yake ikabaki paipu tupu ukutani, yenye kamba ndani ya kuvutia waya siku ikifika. Paipu na kamba ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuchonga ukuta uliokwisha kupakwa rangi, na kwa kufanya hivyo aliokoa 6. Tukafika 170.

Juu ya hiyo niliweka akiba ya asilimia 15, yaani 26. Kwa nyumba mpya ningeridhika na 10, lakini nyumba ya zamani ina siri zake. Jumla 196, pungufu 66. Hakuna ujanja wa kupunguza uliokuwa umebaki, ila kugawa kazi kwa wakati.

Kugawa kazi ya umeme kuna mtego. Ukifanya chumba kimoja leo na kingine mwakani, unalipia mwashi na rangi mara mbili. Tuligawa kwa namna nyingine: bodi, breka ya uvujaji na erthi zifanywe mara moja, kwa sababu hazigusi kuta na hazitarudiwa. Hiyo ni 30. Soketi iliyoungua ilitenganishwa siku hiyohiyo. Kazi ya kuta ingengoja miezi mitano, hadi fedha zitimie.

Siku ya bodi ndipo siri ya kwanza ilipojitokeza. Waya mkuu kutoka kwenye mita ulikuwa umekauka gamba lake hadi linapasuka ukiligusa. Kampuni ya umeme ikaombwa ikate umeme, waya ukabadilishwa, 5 zikatoka kwenye akiba. Siri ya pili ilikuja usiku: breka ya uvujaji ikawa inakata ovyo. Mwalimu alinipigia akiwa amekasirika kwamba kifaa kipya ni kibovu. Fundi alirudi akazima laini moja baada ya nyingine mpaka akaipata ya taa ya bafuni. Ilikuwa inavuja miaka yote hiyo na hakukuwa na kifaa cha kusema. Ikazimwa, na kwa miezi mitano watu wa nyumba hiyo walioga kwa taa ya betri.

Waya kwenye mizani

Katika miezi ile ya kungoja, mwalimu alitumia sehemu ya fedha zilizobaki kununua nyaya mapema. Bei ya shaba hupanda na kushuka, makadirio ya fundi huwa na muda wake wa kuisha, na waya hauozi stoo.

Nilimfundisha kipimo kimoja ninachokiamini kuliko maandishi ya kwenye gamba. Rola ya mita 100 ya waya mmoja wa mbili na nusu, ukiwa shaba tupu, ina shaba ya takriban kilo 2.24. Ni hesabu tu: eneo la waya mara urefu, mara uzito wa shaba, ambayo ni kama mara tisa ya maji. Hiyo ni kabla ya kuweka plastiki. Kwa hiyo rola nzima haiwezi kuwa chini ya hapo. Rola ya kwanza aliyoletewa haikufika kilo mbili. Alikwangua ncha kwa kisu, na chini ya wekundu wa juujuu pakatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiwango cha kama asilimia 61 tu ya shaba, hivyo waya wa unene uleule hupata joto zaidi kwa mzigo uleule. Bei yake ilikuwa nafuu, bila shaka. Akairudisha.

Kuta zilipofunguliwa

Malipo ya ufundi tuliyapanga kwa hatua: asilimia 30 kuanza, 30 nyaya zikiwa ndani lakini plasta haijapigwa, 30 umeme ukiwashwa, na 10 wiki mbili baada ya vipimo. "Mama, unanikaba," fundi alisema. Lakini vifaa vyote vilikuwa tayari pale, hakutakiwa kutoa hata senti ya mfukoni mwake, naye akakubali.

Kabla ya plasta, kila ukuta ulipigwa picha, na futi ya kupimia imelazwa kando ya paipu. Haigharimu kitu, na siku mtu atakapotaka kutundika kabati atajua mahali pa kutotoboa.

Paipu za zamani zilikuwa zimejaa saruji katika vyumba viwili, waya haukupita. Kuchonga upya kulichukua 9. Kisha ikagundulika kwa nini taa ya bafuni ilikuwa ikivuja: mtu, zamani, alikuwa ameiunga nayo laini ya kwenda kwenye banda la nyuma, waya umefukiwa udongoni bila paipu, maungio yamefungwa kwa utepe tu. Laini mpya ya banda ikala 8. Pamoja na zile 5 za siku ya bodi, akiba ilitoa 22.

Vipimo vilichukua nusu siku. Mashine ya kupima gamba la nyaya ilipeleka volti 500 kwenye kila laini, na kila moja ikatoa zaidi ya megaohomu 1, ambayo ndiyo alama ya chini inayokubalika. Soketi moja ya chumba cha watoto ilikutwa waya wa moto na nyutro (ule wa kurudisha umeme) vimebadilishana. Taa ya mezani ingewaka vilevile pale, na hakuna ambaye angegundua bila kipimo. Fundi alirekebisha kwa dakika kumi, kimya, bila kututazama usoni.

Hesabu ikafungwa kwa 192 kati ya 196. Wiki mbili baadaye mwalimu alimlipa fundi asilimia 10 zake za mwisho. Zile 4 zilizobaki alimwambia azitumie kununua waya wa taa za uani, akimaanisha zile taa tatu alizomtajia siku ile mlangoni. Fundi akamjibu kwamba waya anaweza kuununua leo, ila safari hii aandike kwanza anataka taa ngapi, na ziwe wapi.